Malori kati ya miji miwili yenye foleni kubwa: niongeze gari au nibadili mpangilio?

MzigoNjiani:

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya walio ndani ya kazi hii ya malori, hasa wanaobeba mzigo kati ya miji miwili mikubwa ambayo yote imejaa foleni. Siongelei safari ndefu za kuvuka mipaka, naongelea zile za kati, tuseme kilomita 300 hivi, ambazo ukiziangalia kwenye ramani unaona rahisi kabisa, asubuhi umepakia jioni umeshusha, ila ukiingia kwenye kazi yenyewe unakuta mambo mengine.

Nina malori machache ya kichwa na tela, tunabeba mchanganyiko, bidhaa za madukani, vipuri, vifaa vya ujenzi, chochote kinacholipa. Barabara kuu yenyewe hainisumbui sana. Kinachoniua ni kutoka mji wa kwanza na kuingia mji wa pili. Gari inatoka ghalani mchana kwa sababu mwenye mzigo kachelewa kumaliza makaratasi, inakutana na foleni ya kutoka mjini, ikifika kule inaipata foleni ya jioni, inafika kwa mteja geti limeshafungwa, dereva analala garini, asubuhi anapanga mstari na wenzake waliofika usiku, anakuja kushushiwa saa sita mchana, halafu ndo aanze kutafuta mzigo wa kurudi na huku foleni ya jioni inamsubiri tena. Kazi ya siku moja inakuwa siku mbili, ikikaa vibaya tatu, na mteja analipa kwa safari, hizo siku nyingine ni za kwangu.

Sasa nimefika njia panda. Nafikiria kuongeza lori ili niweze kutimiza oda zote, au nihamishie kazi yote usiku, au niachane kabisa na njia hii nitafute za mbali ambako gari inatembea. Na pia kuna maneno kwamba mamlaka za mji zinataka kuzuia malori makubwa mchana, hapo sijui itakuwaje. Mwenye uzoefu anisaidie, nasoma kila jibu.

UsukaniMrefu:

Mkuu mimi ni dereva, njia za namna hii ndo zimenilea, na la kwanza ninalokwambia usinunue lori jingine sasa hivi. Ukiongeza gari kabla hujagusa habari ya geti, umeongeza gari ya kusubiri getini, basi. Na mkopo wake hausubiri.

Fanya hivi. Igawe safari yako vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni tangu gari inaingia kupakia mpaka inautoka mji. Cha pili barabara kuu. Cha tatu kuanzia pembezoni mwa mji wa pili mpaka karatasi ya kupokelea imesainiwa. Mpe dereva daftari aandike saa kila kipande kinapoanza na kuisha, mwezi mzima, na asiandike kwa kukumbuka jioni, aandike palepale. Utakuta barabara kuu inachukua masaa manne au matano na karibu haibadiliki, halafu hizo ncha mbili ndo zinakula siku yako. Wenye malori wengi tunagombana na wateja juu ya bei ya kilomita wakati kilomita sio zinazotuumiza, kinachotuumiza ni masaa gari imesimama na injini inaunguruma.

Na hapo kwenye kuunguruma kuna jambo mabosi wengi hawalijui. Injini kubwa ya lori ikiwa imesimama tu inaunguruma inakunywa kama lita 3 za dizeli kwa saa. Inauma, ila hiyo sio kubwa. Kubwa ni kusimama na kuondoka. Gari ya tani 40 kuitoa kwenye sifuri mpaka ifike kilomita 30 kwa saa inataka karibu desilita moja ya dizeli, halafu ukikanyaga breki nguvu yote ile imegeuka joto kwenye magurudumu imepotea. Ukifanya hivyo mara kumi umeshamwaga lita nzima na pengine hujasogea hata kilomita mbili. Bado hujahesabu klachi wala breki zenyewe. Ndo maana dereva mzuri kwenye foleni anaacha nafasi kubwa mbele yake, anaweka gia ya chini anatembea taratibu bila kusimama. Magari madogo yatachomekea pale mbele, waache wachomekee, kila ukiondoka kutoka sifuri ni mafuta yako sio ya kwao.

Kuhusu usiku, mimi ni mtu wa usiku na naupenda. Saa nane usiku unapita katikati ya mji kama umepewa barabara peke yako. Lakini usiku una masharti. Dereva wa usiku awe amelala mchana kweli, sio kashinda anapakia mzigo halafu jioni unamwambia haya ondoka. Kuanzia saa nane mpaka kama saa kumi na moja alfajiri mwili wenyewe unadai usingizi hata uwe umepumzika vipi, na barabara ikiwa nyeupe macho yanafunga bila wewe kujua. Ukihamia usiku badilisha maisha ya dereva mzima mzima, sio saa ya kuondoka peke yake. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu wenzetu wanaondoka hivyo.

GhalaMlangoWazi:

Naomba niseme upande wa ghala maana kila siku sisi ndo tunalaumiwa. Mimi nasimamia upokeaji wa mizigo, nina milango sita ya kushushia, na kila asubuhi saa mbili nakuta malori zaidi ya kumi na tano getini, wote wamefika pamoja kwa sababu wote wamekimbia foleni ileile. Saa nane mchana milango yangu mitatu haina kazi. Hapo ujue sina upungufu wa milango, nina malori yanayofika yote kwa wakati mmoja.

Kwahiyo ndugu muuliza swali, kabla hujalaumu geti jiulize mteja wako anajua gari yako inafika saa ngapi? Simaanishi "kesho asubuhi". Namaanisha saa. Wanaonipigia simu jana yake wakaomba sloti, na gari ikiwa imebakiza saa moja wananitumia meseji, hao nawawekea mlango na watu wa kushusha, wanatoka haraka. Anayetokea tu hata akifika wa kwanza nitamshusha nikipata nafasi. Sio ubaguzi, ndo namna kazi inavyopangika.

Jambo la pili ni upakiaji. Unaleta mzigo wa wateja watatu kwenye tela moja, wangu nimeuwekewa kule mbele karibu na kichwa, ina maana nishushe wa wenzangu kwanza ndo niufikie wa kwangu halafu niwarudishie. Hapo masaa mawili yamekwenda na lawama anapewa mpokeaji. Wa kushushwa mwisho apakiwe kwanza, wa kushushwa kwanza akae mlangoni. Ni elimu ya siku ya kwanza kazini lakini bado tunaletewa tela zilizopakiwa kinyume kila wiki.

Alafu hili la usiku. Dereva anasema usiku barabara nyeupe, sawa, lakini nani anafungua geti? Nikiweka shifti ya usiku nalipa mlinzi, nalipa wapakuzi, nalipa umeme, na faida ya barabara nyeupe anaipata mwenye lori. Kule New York walifanya majaribio mwaka 2009 na 2010 ya kupeleka mizigo Manhattan kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, na walichokuta ni hichohicho, wasafirishaji walikuwa tayari, waliohitaji kushawishiwa ni wapokeaji, mpaka wakapewa motisha ya fedha ili wakubali. Kilichokuja kusaidia ni kwamba baadhi ya wapokeaji waliwapa madereva ufunguo, mzigo unaingizwa ndani bila mtu wa duka kuwepo, asubuhi wanahesabu. Hiyo inataka kuaminiana kwa hali ya juu, lakini ikikubalika inafuta gharama ya shifti. Mimi mwenyewe nina msafirishaji mmoja tu ambaye ningempa ufunguo, na sio kwamba wengine ni wezi, ni kwamba yeye anatuma dereva yuleyule kila mara, namjua sura na najua anavyofanya kazi.

RelikwaReli:

Wakuu mnazunguka tu. Mzigo kati ya miji miwili mikubwa ni kazi ya treni. Treni moja inabeba kontena ambazo zingehitaji malori mengi sana na haijui foleni ni nini. Angalieni Los Angeles, mwaka 2002 walifungua njia maalum ya reli ya kama kilomita 32, Alameda Corridor, kutoka bandari za Los Angeles na Long Beach mpaka kwenye yadi za treni karibu na katikati ya mji, sehemu yake ndefu imezamishwa kwenye handaki la wazi chini ya usawa wa barabara ili isikutane na magari kabisa. Hilo ndo suluhisho, sio kukesha barabarani.

Mpanga_Safari:

@RelikwaReli reli naipenda na kama kuna inayofanya kazi vizuri kwenye njia yake aitumie kwa mzigo mzito usio na haraka. Ila umbali wa kilomita 300 ni mfupi kwa treni. Kontena itatoka ghalani kwa lori kwenda stesheni, itanyanyuliwa, itasubiri treni ijae, itasafiri, itanyanyuliwa tena, halafu lori lingine kutoka stesheni kwenda kwa mteja. Umeondoa kipande cha katikati ambacho hakikuwa na tatizo, ukaacha zilezile ncha mbili zenye foleni, na ukaongeza kunyanyua mara mbili. Treni inalipa pale safari ni ndefu kiasi kwamba uchumi wa barabara kuu unafidia hizo gharama za mwanzo na mwisho, au pale reli inaingia mpaka ndani ya kiwanda chenyewe. Hata hiyo Alameda uliyoitaja ipo kwa sababu kule mwisho kuna bandari mbili kubwa zenye kontena nyingi za kujaza treni za kwenda mbali ndani ya nchi, sio kwa ajili ya mzigo wa madukani wa mji jirani.

Sasa kwa muuliza swali. Kazi yangu ni kupanga magari, na naona tatizo lako lina majina mawili, la kwanza unauza kitu kisicho sahihi, la pili kichwa chako kimefungwa kwenye tela muda wote.

Hilo la kwanza. Wewe unauza safari, lakini unachotumia ni masaa. Kwenye mkataba weka muda wa bure wa kupakia na wa kushusha, nchi nyingi wamezoea masaa mawili, baada ya hapo kila saa ina bei yake na inaandikwa kwenye karatasi ileile ya kupokelea, mtu wa geti anasaini saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mteja atalalamika mwanzoni. Lakini utashangaa jinsi mlango unavyopatikana haraka mtu akijua kusubiri kuna ankara. Na atakayekataa kabisa kulipa kusubiri, bei yake ya safari iwe juu kuliko ya anayekushusha haraka. Usiwatoze bei moja, hapo unamtoza mteja mzuri gharama za mteja mbaya.

Hii sio habari ya fedha peke yake, ni ya usalama. Marekani dereva wa lori anaruhusiwa kuendesha masaa 11 ndani ya dirisha la masaa 14 tangu aanze kazi, na kwa kawaida dirisha hilo halisimami kwa sababu tu yuko getini anasubiri. Akikalishwa masaa matano ghalani, hayo yamekatwa kwenye siku yake. Ulaya baada ya kuendesha masaa manne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ni masaa 9, mara mbili kwa wiki anaruhusiwa 10. Hata kama unapofanyia kazi wewe hakuna anayekagua, mwili wa dereva ni uleule. Anayekawizwa mchana kutwa ndo huyohuyo anakimbiza gari usiku afidie, na mnajua mwisho wake.

Kitu kingine cha kupanga, usipange kwa wastani. Watu wanasema "kwa kawaida inachukua masaa saba" halafu wanamuahidi mteja masaa saba. Kwenye miji yenye foleni wastani hauna maana kubwa, kinachokuumiza ni ile siku mbaya. Lile daftari alilosema @UsukaniMrefu likijaa, panga safari zako kuanzia ya haraka mpaka ya polepole kabisa, angalia ile ambayo katika kila 20 ni moja tu inayokuwa mbaya kuizidi. Huo ndo muda wa kumuahidi mteja ambaye kuchelewa kwako kunamsimamishia kazi. Kama wastani ni saba na huo ni kumi na moja, basi tofauti ya masaa manne ndo gharama halisi ya foleni kwako, nayo iingie kwenye bei. Ukifanya hivyo kwa kila saa ya kuondoka utagundua kwamba kuondoka saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na mbili pengine hakupunguzi sana wastani, lakini kunaikata ile siku mbaya karibu nusu.

Na la tela. Kichwa ndo kina injini na dereva, ndo cha gharama, tela ni chuma na magurudumu. Sasa kwanini kichwa kikae masaa sita kinasubiri tela ishushwe? Nunua tela, sio lori. Unafika, unashusha miguu ya tela, unatoa mabomba ya upepo na waya za taa, unaiacha kwa mteja ashushe kwa muda wake, unaunga nyingine iliyojaa unaondoka. Kanuni ya zamani ni tela tatu kwa kichwa kimoja, moja inapakiwa, moja barabarani, moja inashushwa. Halafu madereva wakutane katikati. Mmoja anatoka mji huu, mwingine anatoka ule, wanakutana nusu njia sehemu yenye ulinzi na sakafu ngumu, wanabadilishana tela, kila mmoja anarudi kwao. Kila dereva ameendesha kilomita zake 300, kalala nyumbani, hakuna aliyelala garini, na tela imevuka usiku mmoja. Kampuni kubwa za vifurushi Marekani wanafanya hivi miaka nenda rudi.

UsukaniMrefu:

Hapo kwenye kulala nyumbani naunga mkono kwa mikono miwili. Dereva anayelala kwake haachi kazi hovyo, na gari inatunzwa. Ila naongeza, dereva wa ndani ya mji na wa barabara kuu ni kazi mbili tofauti. Wa mjini anajua kona gani tela ndefu haipindi, daraja gani fupi, mteja gani hataki upite geti la mbele. Usimpeleke mtu wa barabara kuu kule ndani saa mbili asubuhi umlaumu kachelewa.

MzigoNjiani:

Wakuu nashukuru sana, hili la kununua tela badala ya lori sikuwa nimeliangalia kabisa na limenikaa. Ila nina wasiwasi sehemu mbili. Kwanza wateja wangu wengi ni wa kati, hawana yadi ya kuachia tela, wengine wanashusha barabarani kabisa mbele ya duka. Hao nafanyaje? Pili hamjanijibu habari ya mji kuzuia malori mchana, maana kama ni kweli naweza kujikuta nimenunua tela zisizoruhusiwa kuingia.

GhalaMlangoWazi:

Naanza na hilo la pili kwa sababu liliwahi kutokea sehemu na matokeo yake yalionekana wazi. Manila mwaka 2014 walizuia malori makubwa mchana ndani ya mji kuanzia mwezi wa pili. Nia ilikuwa kupunguza foleni, lakini malori ndo yalikuwa yanatoa kontena bandarini, kwahiyo kontena zikarundikana bandarini, meli zikasubiri, bidhaa zikachelewa, na katazo likaja kuondolewa mwezi wa tisa mwaka huohuo. Ninachosema ni kwamba katazo la mchana linaweza kuja ghafla na kuondoka ghafla, usijenge biashara nzima juu ya saa moja tu ya kuingia. Na usidhani usiku ndo uko salama siku zote. London tangu 1985 wana utaratibu wa kuzuia malori ya zaidi ya tani 18 kwenye barabara nyingi usiku na wikiendi kwa sababu ya kelele, watu wanataka kulala. Kwahiyo mji mmoja unakufukuza mchana, mwingine unakufukuza usiku.

Kelele ni jambo la kulichukulia kwa uzito kama utahamia usiku. Uholanzi wana viwango vyao vya kelele za kupakia na kushusha, usiku kikomo ni desibeli 60, na vifaa vinatengenezwa kwa kuzingatia hiyo, sakafu ya tela inawekwa mpira, troli zina magurudumu laini, hata kengele ya kurudi nyuma inapunguzwa. Huhitaji kununua hayo yote. Mpira wa sakafu na dereva asiyebamiza milango wala kuacha redio juu vinatosha kuzuia majirani wasiandike barua. Barua ya majirani ndo inaleta katazo.

Mpanga_Safari:

Kwa wateja wasio na yadi, hao usiwapelekee tela kabisa. Tafuta eneo pembezoni mwa mji wa pili, upande ule unaotokea barabara kuu, hata kama ni nusu ya ghala la mtu mwingine. Tela inafika pale usiku, alfajiri mzigo unagawanywa kwenye malori madogo ya tani tatu au tano ambayo yanapinda kona na kwa kawaida makatazo ya malori makubwa hayayagusi. Ukiwa na hiyo sehemu, katazo la mchana likija linakukuta tela yako iko nje ya mji tayari.

Lakini nakwambia ukweli, hiyo ina gharama. Mzigo unashikwa mara moja zaidi, na kila unaposhikwa kuna kitu kinavunjika au kinapotea na kila mtu anasema ulipotoka kwake ulikuwa kamili. Kwahiyo usipitishe kila kitu pale. Mteja anayejaza tela nzima na ana yadi, tela iende kwake moja kwa moja. Mteja wa vipande vichache, apite pembezoni. Vioo na vitu vya kuvunjika ni bora vikae kwenye foleni muda mrefu kuliko kushushwa mara mbili. Na haya malori madogo yasiwe mengi kupita kiasi, maana tela moja ikigeuka kuwa magari madogo sita umeongeza magari sita kwenye foleni ileile tunayoilalamikia, unganisha wateja wa mtaa mmoja waingie kwenye gari moja.

Swali moja nikuulize, mzigo wa kurudi unaupataje? Maana haya yote yanaanguka kama kichwa kinarudi na tela tupu.

MzigoNjiani:

Mara nyingi dereva akishamaliza kushusha ndo tunaanza kupiga simu kutafuta. Kuna siku tunapata, kuna siku anarudi mtupu au anasubiri mpaka kesho yake. Mji wa kwanza unatoa mzigo mwingi zaidi kuliko wa pili, hiyo ndo hali.

Mpanga_Safari:

Hapo ndo pa kuanzia basi, kabla hata ya tela. Njia nyingi ziko hivyo, upande mmoja unatoa zaidi, na hutaweza kusawazisha. Unachoweza ni kupanga bei ya kwenda ukijua sehemu ya safari za kurudi zitakuwa tupu, halafu bei ya kurudi iwe ya chini kwa mteja anayekupa mzigo wa uhakika na asiye na haraka, vyombo tupu vya kurudishwa viwandani, chupa, mapaleti, vyuma chakavu, karatasi za kurejelezwa. Mtu wa mzigo kama huo anafurahia bei ndogo na anakubali kuacha mzigo wake kwenye tela tangu jana yake. Usikubali tu mzigo wa kurudi ambao unalipa kidogo halafu unakukalisha siku nzima kuupakia, huo ni hasara hata kama dereva anarudi na tela imejaa. Linganisha kwa saa. Fedha ya mzigo wa kurudi gawa kwa masaa yote uliyotumia kuusubiri, kuupakia na kuushusha, ukiona ni chini ya kile kichwa kinachoingiza kwenye safari ya kwenda, rudi mtupu uwahi kuunga tela iliyojaa.

UsukaniMrefu:

Na kama utaanza kuacha tela kwa watu, andikishaneni. Mimi nimeshaona tela imeachwa nzima, imekutwa tairi zimebadilishwa zikawekwa zilizoisha, na hakuna wa kumuuliza. Kabla ya kuiacha dereva apige picha magurudumu yote, taa, turubai, sakafu na lakiri ya mlango kama ina mzigo, atume palepale ili saa ionekane. Muulize na mtu wako wa bima, maana bima nyingine inalinda tela ikiwa imeungwa kwenye kichwa tu, ikishaachwa peke yake kwenye yadi ya mtu habari inabadilika. Angalia pia ardhi, tela iliyojaa ikisimama kwenye udongo laini miguu inazama na kesho kichwa hakiingii chini yake, weka mbao pana chini ya miguu.

MzigoNjiani:

Nimeelewa. Nitaanza na mteja mmoja mwenye yadi, yule anayechukua tela nzima karibu kila wiki, nimpe daftari la saa za kuingia na kutoka asaini kuanzia safari ijayo, na nitakodi tela moja kwanza kabla ya kununua. Lori jipya nimelisimamisha. @GhalaMlangoWazi hilo la kupiga simu jana yake kuomba sloti nalianza kesho asubuhi kwa wateja wote, halina gharama yoyote.

GhalaMlangoWazi:

Vizuri sana. Ukipiga, usiulize tu saa. Muulize mpokeaji milango yake inapungua kazi muda gani, karibu kila ghala lina masaa hayo na hakuna anayeuliza. Mimi ni saa nane mpaka saa kumi mchana, gari inayotoka kule alfajiri ikapumzika pembezoni ikaja kwangu saa nane, inakutana na mlango wazi na inatoka kabla foleni ya jioni haijashika.